Dunlop: Daktari wa mifugo aliyetia upepo kwenye tairi, faida wakavuna wengine

KWENYE meza ya fundi baiskeli wa gulioni, kati ya viraka, solusheni na spana, hukosi kuona kimpira chembamba kama mrija ambacho fundi hukikata vipande vidogo. Kipande kimoja huvalishwa kwenye sindano ya vali. Kikichoka, tairi halishiki upepo hata mwenye baiskeli apige pampu mpaka atoke jasho, na gunia la mkaa au mikungu ya ndizi hulala njiani. Vali ya aina hiyo imejulikana katika nchi nyingi kwa jina la vali ya Dunlop.

Jina hilo lina kichekesho chake. Vali yenyewe haikubuniwa na Dunlop bali na Mwingereza mmoja aliyeitwa Woods, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kampuni kubwa ya matairi iliyobeba jina la Dunlop nayo haikuwa tena ya Dunlop siku ilipoanza kuitwa hivyo. Hata tairi la upepo, ambalo ndilo lililompa sifa, lilikuwa limeshaandikishwa na mtu mwingine wakati yeye akiwa mtoto mdogo wa mkulima.

Pamoja na yote hayo, ni kazi ya mikono ya huyu daktari wa mifugo iliyoifanya baiskeli kuwa chombo cha kubebea mizigo, na baadaye gari likaweza kukimbia bila kuwavunja mgongo waliomo ndani. Swali ambalo wafanyabiashara wamelijadili kwa zaidi ya miaka 100 ni kwa nini yeye alipata kidogo namna ile.

Mtoto wa shambani

John Boyd Dunlop alizaliwa Februari 5, 1840 katika shamba moja huko Dreghorn, Ayrshire, kusini-magharibi mwa Scotland. Ni nchi ya maziwa ile. Ng'ombe aina ya Ayrshire, ambao wafugaji wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania wanawafahamu vizuri, asili yao ni huko.

Wazazi wake walimweleza kuwa alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, na maneno hayo yalimkaa moyoni. Maisha yake yote alijihesabu kuwa mtu mwenye afya dhaifu, akajiepusha na kazi za nguvu na mambo ya kumchosha. Aliishi miaka 81. Lakini tabia hiyo ya kujihadhari ni vema ikakumbukwa, maana inaonekana tena pale yalipokuja masuala ya fedha.

Badala ya kushika jembe, kijana huyo alikwenda Edinburgh kusomea udaktari wa mifugo katika chuo kilichoanzishwa na William Dick. Alihitimu mwaka 1859 akiwa na miaka 19. Alifanya kazi Scotland kwa miaka kadhaa, na mwaka 1867 akavuka bahari kwenda Ireland, ambako yeye na ndugu yake James walifungua kliniki ya mifugo katika mji wa Downpatrick. Baadaye alihamia Belfast, mtaa wa May Street. Mwaka 1871 alimuoa Margaret Stevenson, wakapata binti, Jean, na mtoto wa kiume aliyepewa jina la baba yake, ambaye nyumbani walimwita Johnnie.

Belfast ya wakati huo ilikuwa na viwanda vya kitani, karakana za meli na bandari yenye shughuli nyingi. Kila robota la kitambaa na kila gunia la makaa ya mawe lilitembea mjini kwa mkokoteni wa farasi. Daktari wa farasi katika mji kama huo alikuwa na nafasi ile ambayo leo anayo mwenye gereji kubwa ya malori: mnyama akilala, biashara ya mtu imelala. Kufikia katikati ya miaka ya 1880 kliniki ya Dunlop ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa nchini Ireland.

Kwa hiyo mtu huyu hakuwa fundi masikini aliyekuwa akitafuta njia ya kutokea. Alipotengeneza tairi lake alikuwa na umri wa miaka 47, ana kazi ya heshima, ana wateja, ana waajiriwa. Alikuwa na kitu cha kupoteza.

Majaribio uani

Magurudumu ya wakati huo yalikuwa ya aina mbili. Mikokoteni na magari ya farasi ilivishwa ukanda wa chuma, na baiskeli zilivishwa mpira mgumu usio na upepo ndani. Barabara za Belfast zilitandikwa mawe. Mtoto Johnnie alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, na alilalamika kuwa inamtikisa anapoiendesha kwenye mawe hayo.

Dunlop alikuwa mzoefu wa kufanya kazi na mpira katika shughuli zake za udaktari. Mwezi Oktoba 1887 alichukua ubao, akaukata duara kama gurudumu. Akatengeneza mrija kwa kipande chembamba cha mpira, akauzungushia kwenye ule ubao, akaufunika kwa kitambaa cha kitani na kukipigilia misumari pembeni. Upepo aliujaza kwa pampu ya mpira wa miguu ya mwanawe, kisha akaufunga pale pa kuingizia kama ambavyo watu walifunga mpira wa kuchezea.

Akalichukua gurudumu la baiskeli ya mtoto, lile la kawaida, akalisukuma lijiviringishe uani. Lilikwenda kidogo, likayumba, likaanguka kabla ya kufika mwisho wa ua. Kisha akausukuma ule ubao wake kwa nguvu ileile. Ulikwenda ua mzima, ukagonga nguzo ya geti na kurudi nyuma.

Sababu si ngumu kuielewa kwa mtu aliyewahi kusukuma mkokoteni wenye mzigo. Gurudumu gumu likikutana na jiwe, ni lazima mzigo wote upande juu ya jiwe, ndipo ushuke. Kila kupanda ni nguvu inayopotea. Tairi lenye upepo hulimeza lile jiwe. Sehemu ndogo ya tairi hubonyea, mzigo unabaki palepale ulipo, na nguvu ya msukumaji inatumika kwenda mbele. Dunlop alikuwa anatafuta namna ya kupunguza mtikisiko kwa ajili ya mwanawe. Alichokipata zaidi ya hapo ni wepesi, na wepesi ndio uliokuja kuwa biashara.

Usiku wa Februari 28, 1888 baiskeli ya Johnnie ilikuwa tayari na matairi mapya kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Mtoto hakutaka kusubiri asubuhi, akatoka nayo kwenye mbalamwezi. Julai 23 mwaka huohuo Dunlop aliomba hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi ili wengine wasiige kazi yake bila ruhusa, na Desemba 7, 1888 akapewa.

Kicheko cha watazamaji

Watu walipoyaona matairi hayo kwa mara ya kwanza waliyacheka. Baiskeli walizozijua zilikuwa na magurudumu membamba, na haya yalikuwa manene, yamevimba. Walionyamazisha kicheko hicho ni wanamichezo.

Nahodha wa klabu moja ya baiskeli ya Belfast, Willie Hume, ndiye mtu wa kwanza kutoka nje kununua baiskeli yenye matairi ya upepo. Dunlop alimshauri ashindane nayo. Mei 18, 1889, katika viwanja vya Queen's College mjini Belfast, Hume alishinda mbio zote nne za baiskeli. Muda si mrefu akaenda Liverpool, Uingereza, na kushinda karibu zote alizoingia.

Miongoni mwa walioachwa nyuma walikuwa watoto wa William Harvey du Cros. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa karatasi mjini Dublin na rais wa chama cha waendesha baiskeli wa Ireland. Baba mwingine angeona wanawe wameonewa na kudai matairi ya mpinzani yapigwe marufuku. Du Cros aliona bidhaa.

Hapa ndipo maisha ya Dunlop yanapogeuka. Mwaka 1889 yeye na du Cros waliichukua kampuni iliyokuwepo Dublin, wakaifufua na kuiita Pneumatic Tyre and Booth's Cycle Agency, kwa mtaji wa pauni 25,000. Du Cros alikubali kuongoza kwa sharti la kuwa na kauli ya mwisho katika uendeshaji. Dunlop aliikabidhi kampuni haki zake zote za hataza, na malipo yake yakawa kiasi kidogo cha fedha taslimu pamoja na hisa. Alipewa pia kiti kwenye bodi.

Msomaji wa leo anaweza kusema mara moja kwamba daktari alidhulumiwa. Ila hesabu ya siku ile ilikuwa tofauti. Tairi lilikuwa na shabiki wachache, wengi wao vijana wa mashindano. Hakukuwa na kiwanda wala mtandao wa wauzaji. Gharama ya kupeleka bidhaa sokoni ingeweza kumla daktari kliniki yake yote. Aliyebeba hatari kubwa zaidi ya kifedha ni du Cros na wenzake walionunua hisa.

Pigo la hataza

Kabla kampuni haijatimiza miaka miwili, habari mbaya zilifika. Hataza ya Dunlop ilikuwa batili.

Ilibainika kuwa Mskoti mwenzake, Robert William Thomson wa Stonehaven, alikuwa ameandikisha gurudumu lenye mrija wa upepo Uingereza mwishoni mwa 1845, Ufaransa mwaka 1846 na Marekani mwaka 1847. Thomson alikuwa amelivisha gari la farasi magurudumu hayo na kulitembeza London. Wazo lilikuwa sahihi, wakati ndio haukuwa wake. Baiskeli za kawaida zilikuwa hazijafika, magari ya injini hayajafika, na mpira ulikuwa ghali. Alifariki mwaka 1873, na watu wakamsahau kabisa kiasi kwamba ofisi iliyotoa hataza kwa Dunlop miaka 15 baadaye haikulikumbuka jina lake.

Dunlop hakuwa ameiba. Hakumjua Thomson. Lakini sheria ya hataza haiulizi nia, inauliza tarehe. Kuanzia hapo mtu yeyote mwenye karakana aliruhusiwa kutengeneza tairi la upepo bila kumlipa Dunlop wala kampuni hata senti moja.

Kampuni nyingi zingekufa hapo. Du Cros alifanya jambo ambalo wanaosoma uchumi wa biashara bado wanalichambua. Alikubali kuwa wazo kuu haliwezi tena kulindwa, akaenda kununua vitu vidogo vinavyolifanya wazo litumike.

Tairi la Dunlop lilikuwa na udhaifu mkubwa: lilibandikwa kwa gundi kwenye ringi. Likipata pancha, ilibidi kulibandua lote, kuziba, kubandika tena na kusubiri gundi ikauke. Huko Clermont-Ferrand, Ufaransa, ndugu wawili wa ukoo wa Michelin waliletewa baiskeli ya namna hiyo. Kuitengeneza kuliwachukua saa nyingi, na ilipojaribiwa kesho yake ikaleta tabu tena. Ndipo wakatengeneza tairi lao la kuvuliwa, mwaka 1891. Nchini Uingereza, Charles Kingston Welch alikuwa ameandikisha mwaka 1890 tairi lenye waya pembeni, linalokaa kwenye ringi yenye mfereji katikati. Ndugu fundi anayelivua tairi kwa bapa la chuma pembezoni mwa barabara anatumia kazi ya Welch zaidi kuliko ya Dunlop. Kampuni ya du Cros iliinunua hataza ya Welch. Ikaipata pia vali ya Woods.

Hiyo vali ilitatua tatizo ambalo Dunlop alilifunga kwa uzi: namna ya kuingiza upepo bila uliomo kutoka. Kile kimpira huachia upepo wa pampu upite, kisha hujibana chenyewe. Kasoro yake ni kwamba haipimiki kirahisi. Fundi hukadiria kwa kubonyeza tairi kwa dole gumba, jambo ambalo kwa baiskeli linatosha, ila kwa gari halitoshi. Tairi la gari likiwa na upepo mdogo hupata moto, hulika pembeni na hunywesha gari mafuta mengi. Ukizidi, hulika katikati.

Vali iliyoruhusu kupima ilitoka New York, kwenye kampuni ya August Schrader, iliyopewa hataza yake mwaka 1893. Ndiyo iliyoko kwenye magari na pikipiki hadi leo. Kutoka hapo zikazaliwa geji za mkononi, na katika karne ya 20 vituo vya mafuta vya Marekani vikaweka nguzo za chuma zenye uso wa kioo kama saa. Dereva alizungusha kishikizo mpaka kwenye kiwango anachotaka, akaunganisha bomba kwenye vali, na mashine ikawa inagonga kengele kila inaposukuma upepo. Kengele ikinyamaza, tairi limetosha. Zile zilizoandikwa ECO hutafutwa sana na wakusanyaji wa vitu vya kale, na kuna mafundi wanaoishi kwa kuzifufua. Wanakwangua kutu na rangi kuukuu, wanabadilisha bomba na viungo vya ndani vilivyokauka, wanarudisha rangi na maandishi ya awali, na mwisho wanalinganisha kipimo na geji ya kuaminika. Wenye kujua kazi hiyo huanzia kwenye kipimo, rangi huja baadaye, kwa sababu mashine nzuri ya kutazama inayodanganya upepo ni pambo tu.

Anaondoka mapema

Kampuni ilikua kwa kasi. Wakazi wa Dublin walilalamikia harufu ya mpira na kemikali kutoka kiwandani, na utengenezaji ukahamishiwa Coventry, Uingereza, karibu na viwanda vya baiskeli. Du Cros aliwatuma wanawe nchi za nje kufungua matawi. Mtaji uliongezwa.

Dunlop naye alikuwa amehamia Dublin mwaka 1892, akiwa ameacha kliniki. Ila mambo ya bodi hayakumwendea. Mwaka 1895 alijiuzulu na kuuza sehemu kubwa ya hisa zake.

Mwaka uliofuata, 1896, Uingereza ilishikwa na wazimu wa baiskeli. Kila mtu alitaka baiskeli na kila mwenye akiba alitaka hisa za kampuni za baiskeli. Mlanguzi wa makampuni aliyeitwa Ernest Terah Hooley aliinunua kampuni ya du Cros kwa pauni milioni 3. Aliipamba kwa kuweka watu wenye vyeo vya kikabaila kwenye bodi, akaiuza kwa wananchi kupitia soko la hisa kwa pauni milioni 5. Ni katika mauzo hayo ilipoitwa Dunlop Pneumatic Tyre Company. Daktari hakuwemo.

Haitakuwa haki kulinganisha moja kwa moja pauni 25,000 za mwaka 1889 na milioni 3 za mwaka 1896, maana katikati watu waliongeza fedha, na bei ya 1896 ilikuwa imevimba kuliko tairi lenyewe. Wazimu ulipopoa, waliopanda hisa dakika za mwisho walilia, na Hooley mwenyewe alifilisika mwaka 1898. Lakini hata ukiondoa uvimbe huo, mwaka mmoja wa subira ungembadilishia Dunlop maisha. Alichokosa hakikuwa akili wala uaminifu. Aliingia kwenye biashara asiyoweza kuiongoza, akiwa na hataza iliyokufa, na aliposhindwa kuelewana na wenzake hakuwa na karata iliyobaki mkononi. Kwa mtu aliyelelewa akiamini kuwa yeye ni dhaifu, kuchukua kilichopo na kuondoka kulikuwa uamuzi wa kawaida.

Hakufa masikini. Aliwekeza katika duka kubwa la nguo mjini Dublin, Todd Burns, akawa mkurugenzi wake. Maisha yake yaliendelea katika nyumba nzuri ya Ballsbridge.

Mpira ulitoka wapi

Kuna mkulima mmoja katika habari hii ambaye hesabu za Dublin na London hazikumtaja. Tairi ni mpira, na katika miaka ya 1890 karibu mpira wote ulitoka porini: kwenye miti ya Amazon na kwenye mitambaazi ya misitu ya Kongo.

Kongo wakati huo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, tangu 1885 hadi 1908. Mahitaji ya matairi yalipopandisha bei, wanakijiji walipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta bila malipo ya maana. Waliopungukiwa walipigwa, wake zao walishikwa mateka, na wengine walikatwa mikono. Vijiji viliacha kulima kwa sababu wanaume walikuwa msituni wakigema. Ripoti iliyotikisa dunia kuhusu ukatili huo, mwaka 1904, iliandikwa na balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, mzaliwa wa Dublin.

Dunlop hakuhusika na utawala wa Leopold, na hakuna haja ya kumbebesha. Ila bei ya mpira iliyomtajirisha du Cros na ile iliyomkatisha mikono mgema wa Kongo ilitoka kwenye soko moja.

Bei hiyo iliwavuta pia walowezi wa Kijerumani katika Tanzania Bara ya leo. Walipanda mpira wa Ceara, ambao ni ndugu wa muhogo, katika maeneo ya Tanga, Muheza na Morogoro. Mwaka 1910 bei ilipanda sana na kila mwenye shamba alitaka kuongeza. Kumbe mbegu za mpira wa Hevea zilizotolewa Brazil mwaka 1876 zilikuwa zimeshakuwa mashamba makubwa Malaya na Ceylon, na mti huo hutoa utomvu mwingi na bora zaidi. Kampuni ya Dunlop yenyewe ilianza kununua mashamba Malaya karibu na wakati huo. Mwaka 1913 bei ilianguka, mashamba ya Tanga yakaachwa yamee majani au kung'olewa, na mkonge ukashika nafasi kubwa zaidi.

Uso wake kwenye tangazo

Jina la Dunlop lilikuwa halimo tena mikononi mwake, na uso wake nao ulikuwa njiani. Kampuni ilitumia sura yake kama nembo. Dunlop alikuwa mzee wa ndevu ndefu na mavazi ya kawaida. Katika baadhi ya matangazo kichwa chake kiliwekwa juu ya mwili wa mtanashati mrefu, mwenye kofia na fimbo ya maringo. Mzee aliona anafanyiwa dhihaka, akafungua kesi. Suala la kama kesi hiyo ingeweza kusikilizwa Ireland, wakati kampuni iko Uingereza, lilipelekwa hadi kwa mabwana wa House of Lords mjini London. Mtu aliyeacha mamilioni yapite bila kelele alikwenda hadi mahakama ya juu kabisa kwa ajili ya picha.

John Boyd Dunlop alifariki nyumbani kwake Dublin Oktoba 23, 1921, akazikwa katika makaburi ya Deans Grange. Alikuwa ameandika historia ya tairi la upepo kwa jinsi alivyoiona yeye, na bintiye Jean aliitoa kama kitabu baada ya kifo chake. Miaka mingi baadaye sura yake, ile ya ndevu, ilichapwa kwenye noti ya pauni 10 ya Northern Bank ya Ireland ya Kaskazini.

Kampuni yenyewe iliyumba, ikanunuliwa na kampuni nyingine ya Uingereza mwaka 1985, na jina likagawanywa vipandevipande: matairi kwa huyu, raketi za tenisi kwa yule. Januari 2025 Sumitomo ya Japani ilitangaza kuinunulia Goodyear ya Marekani haki za kutumia jina la Dunlop kwenye matairi barani Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia. Makubaliano hayo yalikuwa ya takriban dola milioni 700. Hapakuwa na kiwanda hata kimoja ndani yake. Kilichonunuliwa zaidi ni neno, jina la ukoo wa wakulima wa Ayrshire.